Nafasi Kati ya Chuma na Chuma: Habari za Mikono ya Injini katika Ndege za Kujiundia

Kila aliyepata kupanda baiskeli ajua ya kuwa breki zake ni za namna mbili. Ziko breki za vyuma, za baiskeli zile kubwa za wazee wetu: ukibana kipini, fimbo moja ya chuma huvuta fimbo nyingine, hata mpira ukaishika rimu. Tena ziko breki za waya: waya mwembamba hupita ndani ya ganda lake, ukajipinda huku na huku kama nyoka, hata ukafika penye gurudumu. Na kila aliyepata kuitengeneza baiskeli ajua pia ya kuwa fimbo ile ikigusa taa au kikapu, au waya ule ukipindwa kupita kiasi, breki haishiki. Au ikishika, haiachi. Mwenye baiskeli hushuka, akatazama, akainyosha fimbo kwa mkono, akaenda zake. Lakini mwenye ndege hawezi kushuka njiani. Basi leo nataka kuwaeleza habari za jambo hilo dogo, yaani nafasi iliyo kati ya chuma na chuma, jinsi lilivyowasumbua waundaji wa ndege tangu mwanzo, na jinsi lilivyoshindwa na wale waliokuwa na saburi.

Sababu ya kuichagua habari hii ni Mabibo. Mabibo ni sehemu ya mji wa Dar es Salaam. Zamani ilihesabiwa katika Kinondoni, na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo. Jina lake kwa Kiswahili ni matunda ya mkorosho, yale laini yenye maji, ambayo korosho yenyewe huning'inia nje yake. Leo mahali pale hapajulikani kwa mikorosho, bali kwa wingi wa watu, na kwa soko, na kwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoanzishwa mwaka 1975. Katika chuo hicho vijana hufundishwa mambo ya magari na uchukuzi, na pamoja na hayo kazi ya matengenezo ya ndege. Na kijana akiisha kujua kuitengeneza ndege ya mwingine, hakosi kujiuliza moyoni mwake kama hawezi kuunda yake mwenyewe. Hata wengi wasiopata kuingia chuoni hujiuliza hivyo. Historia yawajibu ya kuwa jambo hilo lawezekana, kwa maana ndege ya kwanza yenye injini iliundwa na watu wasio na chuo wala serikali nyuma yao. Lakini historia hiyo hiyo yawaonya pia. Wengi waliokufa katika ndege za kujiundia hawakushindwa na elimu kubwa ya anga. Walishindwa na kitu kidogo ambacho jicho lilikiona, na moyo ukakidharau.

Na tuanze mwanzo. Wilbur na Orville Wright walikuwa ndugu wawili, wana wa askofu wa kanisa, nao walikuwa wakitengeneza na kuuza baiskeli katika mji wa Dayton, huko Marekani. Walipotaka injini ya ndege yao, waliona ya kuwa injini za motokaa za siku zile zilikuwa nzito mno. Ndipo fundi wao, Charles Taylor, alipoiunda injini katika karakana ile ile ya baiskeli, kwa muda wa majuma kama sita. Sanduku lake lilikuwa la alumini, na nguvu zake zilikuwa kama za farasi 12. Tarehe 17 Desemba 1903 ndege ile iliruka mara nne karibu na Kitty Hawk. Mara ya kwanza ilikaa hewani sekunde 12 na kwenda futi 120. Mara ya nne ilikaa sekunde 59 na kwenda futi 852.

Ajabu ya injini ile ni hii: haikuwa na mkono wa kuongeza wala kupunguza nguvu wakati wa kuruka. Petroli ilishuka yenyewe kutoka katika tangi lililowekwa juu. Mwendo wa injini ulipangwa ndege ikiwa bado chini, kwa kubadili wakati wa kuwasha cheche. Rubani, naye amelala kifudifudi juu ya bawa, aliweza kufanya jambo moja tu juu ya injini, nalo ni kuifunga petroli ili izime. Basi ndugu wale hawakupata taabu ya waya wa injini kukwama, kwa kuwa waya wenyewe haukuwako.

Baada yao zikaja injini ambazo silinda zake zote zilizunguka pamoja na pangaboi, nazo zilitumika sana katika Vita Vikuu vya kwanza. Katika nyingi za injini hizo rubani alipotaka kupunguza nguvu alibonyeza kitufe, cheche zikakatika kwa kitambo kidogo, akaachia, zikarudi. Watu wa siku zile waliweza kujua kwa masikio ya kuwa ndege inakuja kutua, maana injini iliguna na kunyamaza, ikaguna na kunyamaza tena. Lakini injini zilipoendelea kukua, haikufaa tena kuziendesha hivyo. Zikatiwa kabureta zenye mlango mdogo wa hewa, na mlango huo ukatiwa mkono wa chuma, na mkono huo ukafungwa fimbo au waya mpaka mahali akaapo rubani. Na tazameni, waya huo ulitoka katika baiskeli. Mwaka 1896 huko Uingereza Ernest Bowden alipata hati ya serikali ya kulinda ufundi wake wa waya upitao ndani ya ganda linaloweza kupindika, na waya wa namna hiyo ukaenea katika breki za baiskeli, kisha katika pikipiki, motokaa na ndege. Hivyo ile fimbo na ule waya nilivyovitaja mwanzo vikapanda hewani, na taabu zake zikapanda pamoja navyo.

Sasa na turudi kwetu Afrika ya Mashariki, tuone jinsi ndege za kwanza zilivyofika. Mwaka 1914 Mjerumani aitwaye Bruno Büchner alileta ndege Dar es Salaam, kwa maana maonyesho makubwa yalikuwa yamepangwa kufanywa mwezi wa Agosti. Vita vikazuka, maonyesho hayakufanywa, na ndege ikachukuliwa kwa kazi ya vita. Mwezi Septemba mwaka huo manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja. Kisha ikajificha katika mikono ya mto Rufiji, ndani ya mikoko. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini, basi wakatafuta ndege. Rubani mmoja wa kiraia, H. D. Cutler, akaletwa kutoka Durban pamoja na ndege yenye umbo la mashua iliyoundwa na Curtiss, nao wakaweka kituo katika kisiwa cha Niororo karibu na Mafia.

Ndege ile haikuundwa kwa joto la pwani yetu. Injini ilipata moto kupita kiasi, na rejeta yake haikutosha kuipoza. Watu wale walifanya nini? Ikaletwa kutoka Mombasa rejeta ya motokaa ya Ford, ikatiwa katika ndege, na Cutler akaruka tena, akaiona Königsberg pale ilipojificha. Lakini tarehe 10 Desemba 1914 injini ilimwangusha tena. Akalazimika kushuka mtoni, akashikwa na Wajerumani; ndege yake ikaokolewa na Waingereza walioingia mtoni chini ya risasi, wakaikokota hata baharini. Mwaka uliofuata zikaja ndege nyingine, na baadhi yake zikashindwa kufanya kazi katika hewa yetu ya joto. Hata zilipopatikana zilizoweza, manowari ile ikafikiwa na mizinga, nayo ikaishia pale Rufiji tarehe 11 Julai 1915.

Naitaja habari hii kwa sababu mbili. Kwanza, ni shahidi ya kuwa tangu siku za kwanza kabisa za ndege katika nchi hizi, watu walilazimika kutwaa chombo kilichoundwa kwa gari na kukitia mahali kisipoundiwa. Pili, yatufundisha ya kuwa chombo kipya kikiingia, hakiingii peke yake. Huja na mahitaji yake ya mahali pa kukaa, na ya bomba, na ya hewa. Atiaye rejeta ya Ford katika ndege ya Curtiss lazima aulize, Itakaa wapi? Itagusa nini? Na atiaye injini ya namna nyingine katika ndege iliyochorwa kwa injini nyingine lazima aulize maswali hayo hayo juu ya kila waya na kila fimbo.

Maswali hayo yalienea sana baada ya vita, watu wa kawaida walipoanza kuunda ndege majumbani mwao. Huko Marekani, Bernard Pietenpol, mtu wa kijiji cha Cherry Grove, alitia injini ya motokaa ya Ford katika ndege ya mbao na kitambaa, na michoro yake ikachapwa miaka ya mwanzo ya 1930 ili kila mtu aweze kuifuata. Rejeta ya ndege ile ilisimama juu ya injini, mbele ya macho ya rubani. Haikuwa ya kupendeza, lakini ilikuwa na mahali pake. Huko Ufaransa Henri Mignet akaunda ndege ndogo yenye bawa mbele na bawa nyuma, akaandika kitabu mwaka 1934, akiwaambia watu ya kuwa yeyote awezaye kupigilia sanduku la mbao aweza kuunda ndege hii. Watu wengi wa Ufaransa na Uingereza wakamsikiliza, wakaziunda, wakatia injini ndogo za namna ya pikipiki, na wengine injini zilizotokana na Ford.

Kisha watu wakaanza kufa. Ndege iliinamisha kichwa, na rubani alipouvuta mkono ili aiinue, ikazidi kuinama hata ikapiga chini. Mwaka 1936 wataalamu wa Uingereza na Ufaransa waliijaribu katika vyumba vya upepo, wakaona kosa. Bawa la mbele na bawa la nyuma yalikuwa karibu mno. Bawa la mbele lilipoinuliwa ili kuinua kichwa, ukingo wake wa nyuma ulilikaribia bawa la pili, na hewa iliyopenya katika ule mwanya mdogo ikaliinua bawa la nyuma kwa nguvu, hata kichwa kikazidi kushuka. Ndege zile zikakatazwa kuruka, na baadaye waundaji wakajifunza kuyatenga mabawa zaidi. Tazameni basi: mbao zilikuwa nzuri, gundi ilikuwa nzuri, injini ilizunguka vizuri. Kilichokosekana ni nafasi.

Na ilivyo katika mabawa, ndivyo ilivyo katika mikono ya injini. Ili msomaji aelewe, nitaeleza kwa maneno machache. Injini ya ndege ndogo imefungwa mbele, katika fremu ya mabomba ya chuma, na kati ya injini na fremu kuna vipande vya mpira vya kupunguza mtetemo. Nyuma ya fremu kuna bamba la chuma la kumkinga rubani na moto. Rubani ana mkono wa nguvu, ambao huvuta mlango wa kabureta. Mara nyingi ana mkono wa pili wa kupima petroli ichanganyikayo na hewa, na huo ndio auvutao kuizima injini. Tena ana wa tatu wa kuleta hewa ya moto katika kabureta ili isigande barafu ndani. Nyaya zote hizi hupenya katika lile bamba, zikapita kati ya mabomba ya fremu, bomba la moshi, mirija ya mafuta na pua ya kabureta, zote zimesongamana kama watu katika daladala ya asubuhi.

Hapo ndipo taabu huanza. Muundaji akiisha kufunga kila kitu, huusukuma mkono wa nguvu, naye huona ya kuwa mkono wa kabureta unaligonga bomba la fremu kabla haujafika mwisho. Au wafika mwisho, lakini waya umepindwa mno hata unakwaruza katika ganda lake. Au hakuna linalogusa injini ikiwa imezimwa, lakini ikiwashwa hutikisika juu ya mipira yake, ikasogea, na chuma kikagusa chuma. Huyu ndiye adui wa hatari zaidi, kwa kuwa haonekani wakati fundi amechuchumaa na taa yake mkononi.

Fundi mwenye haraka hutafuta dawa ya haraka. Hutwaa tupa akapunguza bomba la fremu mahali linapogusa. Asifanye hivyo kamwe! Bomba lile ndilo linaloshika injini. Likipunguzwa leo, litapasuka kesho kwa mtetemo, na mkono wa kabureta hautakuwa na faida tena. Wengine hupinda waya zaidi ili uzunguke kizuizi. Hilo nalo si dawa, maana waya uliopindwa sana hukwama, hulika, na mwisho hukatika.

Mafundi wenye saburi wamejifunza dawa nyingine. Ya kwanza ni kuugeuza mkono wa kabureta. Katika kabureta nyingi mkono huo umefungwa juu ya mhimili wenye meno madogo, nao waweza kutolewa na kurudishwa kwa pembe nyingine, ili mwendo wake upite mahali penye nafasi. Dawa ya pili ni kuhamisha kishikizo cha ganda la waya, ili waya ufike kwa kunyoka badala ya kujipinda. Ya tatu ni kutia kati mkono wa kugeuza mwelekeo, wenye umbo la pembe, kama ule wa breki za vyuma za baiskeli unaobadili mvuto wa kwenda juu kuwa wa kwenda nyuma. Ya nne ni kubadili urefu wa mkono wenyewe. Lakini hapa pana hesabu, na asiyeihesabu hujidanganya.

Hesabu yenyewe ni hii. Mkono wa inji 2 ukizunguka robo ya duara, ncha yake husogea karibu inji 2.8 kwa mstari ulionyoka. Mkono wa inji 1 na nusu ukizunguka vile vile, ncha yake husogea karibu inji 2.1. Ikiwa kipini cha rubani husogea inji 2.2 tu, basi pamoja na mkono mrefu hakitaufungua mlango wa kabureta wote. Rubani atasukuma hata mwisho, akidhani ametoa nguvu zote, kumbe injini yampa sehemu tu. Atalijua hilo siku ya joto, ndege imejaa, na minazi iko mbele yake. Kwa sababu hiyo mafundi wana kanuni: mkono wa kabureta na ufike kwenye vizuizi vyake vya pande zote mbili kwanza, ndipo kipini cha rubani kifike mwisho wake, tena mbele ya kipini ibaki nafasi kidogo. Kipini kikigonga ubao kabla mkono wa kabureta haujagonga kizuizi chake, kazi haijaisha.

Liko pia swali la nini kitatokea waya ukikatika au kichwa cha fimbo kikichomoka. Wenye busara hutia washa pana penye kichwa cha fimbo chenye gololi, ili gololi ikichomoka fimbo isianguke. Kila nati hufungwa kwa pini au kwa waya wa kuizuia isilegee. Na katika injini za Rotax namba 912, zitokazo nchi ya Austria na zitumikazo sana katika ndege ndogo, kuna springi ambazo waya ukikatika huufungua mlango wa kabureta wote, ili rubani abaki na nguvu za kumfikisha uwanjani. Muundaji na ajue injini yake itafanya nini siku ile, asingoje kuambiwa na ajali.

Kisha huja kujaribu. Boneti la injini likifungwa, jicho halioni tena ndani, na mara nyingi boneti lenyewe ndilo linaloguswa. Mafundi hutumia dawa ambayo mama zetu wafinyanzi wangeifurahia: hubandika madonge madogo ya udongo laini mahali penye wasiwasi, wakafunga boneti, wakasukuma na kuvuta mikono yote mara nyingi, kisha wakafungua na kutazama. Udongo hausemi uongo. Ukiwa na alama, kitu kimegusa. Baada ya hapo ndege hufungwa imara kwa kamba, injini huwashwa, ikapandishwa na kushushwa nguvu, ikazimwa, na udongo ukatazamwa tena, kwa maana injini hutikisika zaidi wakati wa kuwaka na wakati wa kuzima. Kazi hiyo yachosha, wala haina sifa. Hakuna mtu apigaye picha akitazama donge la udongo.

Lakini nafasi si ya chuma na chuma peke yake. Iko nafasi ya mkono wa mtu pia. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji mashuhuri wa Marekani, John Denver, alikufa katika ndege ya kujiundia ya namna iitwayo Long-EZ, iliyoanguka baharini karibu na Pacific Grove, huko California. Hakuiunda yeye, aliinunua. Bwana Burt Rutan aliyeichora ndege hiyo aliuweka mkono wa kuchagua tangi la petroli mbele ya rubani, kati ya miguu yake. Muundaji wa ndege ile aliuhamisha, akauweka nyuma ya bega la kushoto la rubani. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza, ikaona ya kuwa petroli ilikuwa kidogo, na kwamba rubani alipogeuka ili aufikie mkono ule, mguu wake wa kulia ulisukuma pedali ya usukani pasipo kukusudia, ndege ikapotea mikononi mwake. Mkono ule haukuwa na alama, nao ulikuwa mgumu kuufikia. Bodi haikumlaumu mtu mmoja tu. Rubani hakupanga petroli yake vema, wala hakuzoezwa ndege ile ya kutosha. Na kosa la muundaji likahesabiwa pamoja na hayo. Denver alikuwa rubani wa miaka mingi. Uzoefu wake haukuweza kumrefushia mkono.

Wasomaji wangu, neno hili lanigusa sana. Muundaji yule hakuwa mtu mbaya. Hapana shaka alikuwa na sababu yake alipouhamisha mkono, na karakanani, ndege imesimama, aliweza kugeuka na kuugusa. Lakini aliyekuja kukalia kiti kile hakuwa yeye. Kila aundaye chombo humwundia mtu asiyemjua: mnunuzi, au mwanawe, au fundi atakayefungua boneti miaka kumi baadaye. Kuacha nafasi ni namna ya kumpenda jirani ambaye hajaja bado.

Katika miaka ya karibuni magazeti ya Kenya, Uganda na Tanzania yameandika mara kwa mara habari za vijana waliounda ndege au helikopta nyumbani, kwa injini za magari au pikipiki. Watu wengine huwacheka, na wengine huwasifu kupita kiasi. Mimi nasema tusifanye moja wala jingine. Bidii yao ni ya kuheshimiwa, maana Charles Taylor naye alianza na kinu cha kukereza chuma na karakana ya baiskeli. Lakini tuwaambie kweli. Katika nchi yetu Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 2003, ndiyo yenye kazi ya kusimamia usalama wa ndege, wala mtu hana ruhusa ya kuruka na ndege isiyokaguliwa. Wengine huona sheria hiyo kuwa ni kizuizi. Hebu na waikumbuke kanuni ya mkono wa kabureta: kizuizi kilichowekwa mahali pake ndicho kinachomwambia rubani ya kuwa mkono umefika. Mkaguzi ni jicho la pili, na jicho la pili huliona donge la udongo ambalo la kwanza limechoka kulitazama.

Tena yafaa kijana apendaye kazi hii asianze na ndege. Na aanze na pikipiki ya jirani, ajifunze kwa nini waya wake hukwama penye shingo usukani ukigeuzwa. Akiweza, na aende Mabibo au mahali pengine pa kujifunza, ashike ndege za kweli chini ya mwalimu. Hapo atajifunza jambo ambalo mchoro hauwezi kumfundisha, yaani kungoja: kufungua kilichofungwa, kukipima tena, na kukubali mbele ya wenzake ya kuwa kazi ya juma zima yapasa kurudiwa kwa sababu ya nafasi isiyozidi upana wa kidole.

Bwana wetu aliwafundisha watu habari za mtu atakaye kujenga mnara, ya kwamba yampasa akae kwanza ahesabu gharama. Twadhani gharama ni fedha tu. Kwa muundaji wa ndege, gharama iliyo kubwa ni saa zile za kuchuchumaa na taa, akitazama mahali ambapo hakuna mtu mwingine atakayepatazama. Wazee wetu nao husema, Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nilianza na jina la Mabibo, nami namalizia nalo. Bibo ni kubwa, lina rangi nzuri, nalo ndilo jicho hulitazama kwanza. Lakini mkulima hutazama kile kidogo kinachoning'inia nje yake, maana thamani imo humo. Injini nayo ni kubwa, yanguruma, na watoto hukimbilia kuitazama. Ewe kijana utakaye kuunda, kitazame kile kidogo kilicho ubavuni mwake: mkono wa chuma usiozidi urefu wa kidole, na hewa tupu iliyouzunguka. Ukiilinda hewa ile tupu, nayo itakulinda.